"Wewe ni Li au Vu?"

Asubuhi ya Ijumaa, simu inalia juu ya rundo la majoho. Mwanamke ambaye chuo kizima kinamwita Mama Joho anaipokea kwa kuibana kati ya sikio na bega, maana mkono mmoja una pasi na mwingine una kitambaa.

"Mama, tuongezee skafu tatu za uzami..." inasema sauti, na cherehani ya jirani inaunguruma.

"Za nini?"

"Za uzami..."

"Twiga, hebu zima hiyo mashine! Afisa, rudia taratibu. Li au Vu?"

"Li, Mama."

"Li ya limau?"

"Ya limau."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo." Anakata simu, anaitupa kwenye kapu la vifungo na kuendelea kupiga pasi. "Kesho ndiyo mahafali. Leo ndiyo wanakumbuka watatu. Hao watatu walikuwa wamejificha wapi?"

Chumba cha majoho kiko nyuma ya ghala la chuo, baada ya mlango wenye maandishi yanayokataza kuegesha baiskeli, na mbele yake zimeegeshwa baiskeli. Ndani kuna cherehani mbili za umeme, meza ya kukatia, pasi nzito na waya mrefu uliokaza kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye waya huo majoho meusi yananing'inia yakiwa yamebanana kama watu waliojikinga mvua kwenye kibaraza kimoja. Wahitimu hawaingii. Wanahudumiwa dirishani, na dirisha lenyewe ni dogo, kiasi kwamba mtu mrefu lazima ainame ndipo aonekane uso.

Mama Joho anashughulika na wale wa shahada za juu tu. Wa shahada ya kwanza wana ghala lao, watu wao na kelele zao. Huku kwake, anaeleza, watu wanakuja kwa makundi matatu.

Wa Stashahada ya Uzamili anawaita "Sta". Hao wanapewa joho la mikono mifupi na skafu nyembamba ya kijivu. Wa Shahada ya Uzamili, ambao mitaani huitwa watu wa masta, kwake ni "Li". Joho lao lina mikono myembamba na kofia ya pembe nne. Wa Shahada ya Uzamivu, yaani wale watakaoanza kuitwa madaktari kabla hata hawajashuka jukwaani, ni "Vu". Joho lao lina mikono mipana ya kuingiza hata mtoto, na kofia laini ya duara.

Tatizo ni skafu. Majoho yanakodishwa na kurudishwa, lakini skafu mhitimu anakwenda nayo nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita kamati ya sherehe, katika kubana matumizi, iliamua kwamba skafu za Li na za Vu zikatwe kwenye satini moja ya buluu. Kinachozitofautisha ni neno lililotariziwa kifuani kwa uzi wa rangi ya dhahabu.

"UZAMILI. UZAMIVU," anasema, akiziweka mbili sambamba mezani. "Tazama mwenyewe. Herufi tano za mwanzo ni zile zile. Mtu amesoma miaka na miaka zaidi ya mwenzake, na mimi nimeachiwa vijiti viwili vya mwisho nionyeshe tofauti."

Ndiyo maana anauliza swali lake. Analiuliza kwenye simu, dirishani na mlangoni, na siku moja alimwuliza mkuu wa chuo aliyekuja kukagua. Wapo wanaocheka. Wapo pia wanaokasirika, hasa wa Vu.

Leo foleni imeanza mapema. Wa kwanza ni bwana wa Sta anayelalamika kwamba skafu yake ni nyembamba.

"Fundi, na mimi nimesoma."

"Najua umesoma, baba."

"Sasa mbona yangu kama mshipi wa suruali?"

"Kamati ndiyo iliyotoa vipimo. Mimi nina mkasi tu."

Anayefuata ni mama mmoja wa Li, ambaye amefanya uzamili wa utafiti, si ule wa kukaa darasani na kufanya mitihani. Anataka skafu yake ionyeshe hivyo. Wenzake, anasema, walihudhuria vipindi na kuandika kijitabu kidogo mwishoni. Yeye amezunguka vijiji vyote akihoji watu na ameandika tasnifu nzima peke yake. Wote wataitwaje Li sawasawa?

Mama Joho anaweka mkasi chini. "Dada yangu, unataka nitarizi na alama za mitihani? Nitarizi na jina la msimamizi? Hiki ni kitambaa tu, dada, hakina nafasi ya wasifu wako."

Foleni inaangua kicheko. Mama wa Li naye anacheka, lakini anaondoka akiitazama skafu kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Nyuma ya dirisha, fundi mwenzake, mwanamke mrefu mwenye utani mwingi aitwaye Twiga, anatikisa kichwa. "Leo una ulimi mkali, Mama."

"Leo nina sababu."

Sababu hiyo inaning'inia mwisho kabisa wa waya, ndani ya mfuko wa plastiki. Ni joho la mikono mipana na skafu ya buluu iliyotariziwa UZAMIVU. Havina risiti. Ni vya mume wake.

Mumewe ni mwalimu wa sekondari, na ameandikishwa kusoma uzamivu katika chuo hiki hiki tangu kabla binti yao mdogo hajazaliwa. Binti huyo sasa yuko darasa la tano. Majirani walichoka kusubiri, wakaanza kumwita Dokta bila cheti. Wengine walisahau kuwa ni utani. Mwaka jana jirani mmoja alimletea goti lake lililovimba. Alipoambiwa aende hospitali, aliondoka akisema Dokta ameanza maringo.

"Jina lenyewe lilinionya," anasema Mama Joho. "Uzamivu ni kuzamia. Nikadhani ni maneno tu. Kumbe mtu anazamia kweli."

"Na hata mapovu hayaonekani," Twiga anadakia.

"Mapovu ninayaona mimi. Yako mezani kwangu."

Anamaanisha meza ya kulia chakula. Kwa miaka yote hiyo imelala chini ya karatasi, madaftari na kifaa kimoja cha kupimia kelele ambacho watoto hawaruhusiwi kukigusa. Familia inakula sahani zikiwa mapajani. Wageni wakija wanaomba radhi kwa kuikuta meza ina kazi. Shangazi yake alipokuja kuwatembelea alisogeza rundo moja apate mahali pa kuweka kikombe, na Dokta akatafuta ukurasa uliopotea hadi shangazi akafunga safari.

Kelele ndiyo utafiti wake. Anachunguza jinsi watoto wanavyosikia maneno yanayofanana katika madarasa yaliyojaa. Anafundisha darasa ambalo wanafunzi wa nyuma wanakaa dirishani, na aliona jinsi mwalimu anavyotamka neno hili na mtoto akaandika jingine, kisha mtoto akaitwa mzembe. Hata Mama Joho, kwa uchovu wake wote, hasemi kwamba jambo hilo ni dogo.

Tena yeye mwenyewe yumo ndani yake. Kabla hajaanza kuuliza Li au Vu, oda ya skafu ilitolewa kwa simu wakati cherehani zote mbili zinakwenda. Ofisi ilisema uzamili, yeye akasikia uzamivu. Akatarizi furushi zima. Wahitimu wa masta walifika dirishani na kukuta wamepandishwa cheo. Wachache walitaka kuondoka nazo hivyo hivyo. Yeye na Twiga walifumua kwa nyembe mpaka vidole vikawa na malengelenge.

Mumewe alipolisikia tukio hilo aliketi wima. Akaomba arudiwe, akaleta kile kifaa chake, akapima mngurumo wa cherehani, na mkasa huo ukaingia katika tasnifu kama mfano.

"Akanionyesha, ameuweka vizuri kabisa," anasema Mama Joho. "Nikasoma: 'Mshonaji mmoja aliripoti kwamba.' Mshonaji mmoja! Tunalala kitanda kimoja, namfulia mashati, nikifika kwenye kitabu mimi ni mshonaji mmoja."

Kilichomchelewesha si uvivu, na hapo mkewe anamtetea kabla hajamlaumu. Msimamizi wa kwanza alistaafu. Wa pili alihamia chuo kingine, akaahidi kusoma sura zilizobaki kwa barua pepe, na hakusoma. Wa tatu alisema kifaa cha kupimia ni cha kizamani, kelele zote zipimwe upya. Kelele zikapimwa upya. Msimamizi huyo naye akapata likizo ndefu. Katikati ya hayo, ada ya kuendelea inalipwa kila mwaka, na kila mwaka inameza kama mishahara miwili ya chumba cha majoho. Miezi isiyo ya mahafali Mama Joho anashona mapazia ya watu ili pengo hilo lizibike.

Mwezi huu ofisi ya shahada za juu ilimwita mumewe na kumweleza kwamba muda wake umekwisha. Walimpa njia mbili. Kazi aliyokwisha kuifanya inatosha kutunukiwa Shahada ya Uzamili ya Falsafa, yaani ile ya utafiti, naye anaweza kuipokea kesho pamoja na wengine. Au apewe mwaka mmoja wa mwisho amalize uzamivu, na asipomaliza aondoke bila chochote. Jibu linatakiwa leo, kabla ofisi haijafunga orodha saa tisa alasiri.

Uchungu wa hiyo njia ya kwanza ni kwamba uzamili anao tayari. Alisoma darasani, akafaulu, na cheti chake kipo ukutani sebuleni.

"Atakuwa Li mara mbili," anasema Twiga. "Ukizijumlisha hazitoi Vu?"

"Kaulize ofisini. Labda wana kikokotoo."

Asubuhi Mama Joho alimwuliza mumewe amechagua nini. Alijibu, "Nitakuambia." Hilo ndilo limemkera kuliko yote. Amesubiri wasimamizi watatu, na bado anaambiwa asubiri.

"Mimi nimechoka, na sioni haya kusema," anasema, akitoboa kitambaa kwa sindano kana kwamba kimemkosea. "Achukue hiyo Li, twende. Akisema Li, nitapiga vigelegele humu ndani mpaka ghala lisikie. Nataka meza yangu."

Lakini joho la mikono mipana alilishona mwenyewe, kwa vipande alivyonunua kidogo kidogo, jioni baada ya kazi. Skafu alikata kwenye satini nzuri kuliko ya chuo. Hilo halisemi. Anayelisema ni Twiga, kwa sauti ya chini, mwenzake alipotoka kuchota maji ya pasi.

Saa nane inapita. Foleni inapungua, kisha inajaa tena. Bwana mmoja wa Vu amerudisha kofia ya duara kwa madai kwamba inamfanya afanane na mpishi. Anataka ya pembe nne.

"Hiyo ni ya Li, mheshimiwa."

"Lakini inapendeza zaidi."

"Basi ungeishia kwenye Li."

Twiga, aliyekuwa anachungulia nje, anamgusa mwenzake bega. "Mama. Mtu wako amepanga foleni."

Kweli, yuko pale. Mwanamume mwembamba, shati lenye vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia, amesimama nyuma ya wasichana wawili wa Sta. Hakupita mlangoni, ambako angeingia bila kuulizwa.

"Nimwite?"

"Mwache apange. Wenzake wote wamepanga."

Wasichana wanahudumiwa, na leo kwa mara ya kwanza Mama Joho hana haraka. Anawahesabia vifungo, anawaonyesha namna ya kuvaa skafu, anawaambia wasilikaushe joho juani. Kisha wanaondoka na uso wa mumewe unainama dirishani.

"Risiti?"

"Sina risiti."

Twiga anazima cherehani bila kuambiwa. Chumba kinatulia, inasikika pasi tu ikitoa mvuke.

"Wewe ni Li au Vu?"

"Li," anasema.

"Sema vizuri."

"Li. Ya limau. Nimetoka ofisini sasa hivi, nimeshawaambia."

Hakuna vigelegele. Mama Joho anashusha tepu kutoka shingoni, anatoka kwa mlango wa pembeni, na kumpima mumewe mabega pale pale nje, vipimo ambavyo amevijua tangu ujana wao. Anampima mara mbili.

"Umekonda," anasema kwa hasira.

"Si ulisema utapiga vigelegele?" Twiga anauliza kutoka dirishani.

"Nina pini mdomoni."

Mumewe anamweleza huku mikono yake imenyooshwa kama anayepekuliwa. Mwaka mmoja wangempa, hilo halikuwa na shida. Aliwauliza ni nani atakayemsimamia katika mwaka huo. Wakatazamana. Mmoja akasema suala hilo linashughulikiwa. Mwingine akasema aanze tu, msimamizi atapatikana mbele ya safari.

"Nikaona nimeshakwenda safari hiyo," anasema. "Umekasirika?"

"Sana."

"Umewakasirikia wao, au mimi?"

"Wao, na wewe. Mko wengi, kwa hiyo panga foleni, nitakufikia."

Anacheka kidogo, yeye peke yake, kisha anajifuta uso kwa mkono wenye chaki na kubakiwa na mstari mweupe shavuni. Mkewe anaufuta kwa kidole gumba na kurudi ndani.

Ndani kuna tatizo jipya. Skafu za Li zimekwisha. Zile tatu za asubuhi ndizo zilizomaliza satini, na kipande kilichobaki kinatosha kufungia begi tu. Twiga anatafuta chini ya meza, anatikisa magunia, anasimama mikono kiunoni. Wote wawili wanatazama mfuko wa plastiki mwisho wa waya.

Mama Joho anaufungua. Joho la mikono mipana analirudisha kwenye waya bila kulitazama. Skafu anailaza juu ya meza, anachukua wembe, na kuanza kutoka mwisho wa neno. U inatoka kwanza. V inang'ang'ania, kwa sababu aliishona mara mbili mwaka ule alipodhani tasnifu imekamilika. Nyuzi za dhahabu anazikusanya kiganjani na kuziweka kwenye kapu la vifungo.

UZAMI, inasomeka skafu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Satini hainyamazi, kama mafundi wanavyojua. Matundu ya sindano yanabaki yamepangana, na ukiinamisha kitambaa kuelekea kwenye mwanga unaziona herufi zilizokuwepo. Anayasugua kwa ukucha, anayapitishia mvuke. Mengine yanajifunga, mengine yanagoma. Mumewe, ambaye sasa amekaa juu ya kigoda kati ya majoho ya watu, anasema haina shida, kesho watu watatazama jukwaa.

"Nyamaza, usinitetemeshe mkono," anasema mkewe.

Anatunga uzi kwenye sindano na kushona L, kisha I, kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea. Twiga anakunja uso.

"Mama, mashine ipo bure. Ukiipeleka humo ni dakika moja."

"Nimeiona."

"Sasa mbona unahangaika? Wa mkono si unafumuka?"

"Ndiyo. Unafumuka bila kuacha tundu."

Twiga anamtazama mume wa mwenzake. Yule bwana anaitazama sakafu.

"Msianze," anasema Mama Joho, bila kuinua kichwa. "Sijasema kitu. Sitaki mtu aniambie kuna chuo kingine, sitaki mtu aniambie kuna msimamizi mzuri mahali. Na wewe, baba watoto, hata usithubutu kufungua mdomo."

"Sijafungua."

"Naona unavyojiandaa."

Anakata uzi kwa meno, anaikung'uta skafu na kumvisha shingoni juu ya shati lenye chaki. Anarudi nyuma hatua moja, anarudi mbele, anaiweka sawa. Simu inalia ndani ya kapu la vifungo na hakuna anayeipokea.

Mpango wake ni huu, na ameutangaza mbele ya shahidi. Kesho anakwenda mahafali, mara ya kwanza kukaa upande wa wageni badala ya kukimbizana na pini nyuma ya jukwaa. Mke wa mtu, si mshonaji mmoja. Keshokutwa karatasi zote zinaingia kwenye maboksi, maboksi yanakwenda chini ya kitanda, na kile kifaa cha kelele kinapanda juu ya kabati. Halafu anatandika kitambaa mezani, sahani za watu wote, jagi la maji katikati, na kila mmoja anavuta kiti.

"Na hiyo Vu?" Twiga anauliza, akiwasha tena mashine.

Mama Joho anaingoja inyamaze. Hainyamazi, inambidi apaze sauti.

"Kwanza tule. Hayo mengine tutayaongelea mezani."